Ukuta wa Nyuma ya Nyumba

Katika maisha yangu nimejenga vitu vichache sana, na kimoja katika hivyo kilimvunja mkono mtoto wa watu. Ndiyo sababu nimeona niweke humu sura moja juu ya ukuta, ingawa najua wapo wasomaji watakaojiuliza ukuta una historia gani ya kusimuliwa. Historia unayo, tena ndefu kuliko ya wafalme wengi. Lakini mimi niliijua baada ya ukuta kuanguka, na laiti ningaliijua kabla.

Kiwanja changu kipo Morogoro, kule ambako mji unaanza kupanda milima ya Uluguru. Nilikipata mwaka 1995. Mteremko wake ulikuwa mkali, nami kama wafanyavyo wengi wetu nikaanza kwa kuupiga vita. Vibarua walikata gema upande wa juu, udongo wakausogeza upande wa chini, mpaka ukapatikana uwanda wa kuweka nyumba ya vyumba vinne. Udongo ule wa kujaza ulihitaji kitu cha kuuzuia usishuke, hivyo nyuma ya nyumba tukajenga ukuta wa matofali ya saruji, kimo chake meta mbili na urefu wake meta kumi na tano. Chini ya ukuta, hatua chache tu, kilikuwa kiwanja cha mzee mmoja Mluguru, mwenyeji wa Matombo, ambaye alikuwa amekaa pale miaka mingi kabla yangu.

Fundi wangu alikuwa mtu mwelewa. Karibu na msingi aliacha matundu na kuyatia vipande vya bomba ili maji yapate kutoka. Masika ya kwanza matundu yale yalitoa maji mekundu ya tope yakauchafua ukuta wote, nami nilikuwa nimeupiga lipu na chokaa nyeupe. Nikaona aibu. Nikamwita fundi nikamwambia ayazibe. Alisita kidogo, akaniuliza kama nina hakika, nikamjibu kwamba mwenye nyumba ni mimi. Akayaziba. Mwaka uliofuata nikapata fedha kidogo, nikausakafia ua wote kwa zege, na ili maji yasiingie ndani ya nyumba nikaagiza sakafu iteremkie upande wa ukuta.

Mvua za El Nino zilianza mwishoni mwa mwaka 1997, zikaendelea hadi mwaka uliofuata. Usiku mmoja wa Januari 1998 nilisikia kishindo nikadhani ni radi. Haikuwa radi. Ukuta ulikuwa umelala, udongo umeufuata, na vyote viwili vilikuwa vimeliangukia jiko la mzee wa chini. Mbuzi wake wawili walikufa. Mjukuu wake, kijana wa miaka kama tisa aliyekuwa akilala mle jikoni kwa ajili ya joto la mafiga, alitolewa akiwa hai, mkono wa kushoto umevunjika.

Asubuhi, tuliporudi hospitalini, nilikwenda kumwona mzee nikiwa nimejiandaa kwa maneno makali. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akanionyesha kigoda. Tukanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akanena kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nilikuona ulipoyaziba yale matundu. Nikasema, huyu kijana amesoma, labda anajua asilolijua mwingine. Nilikosea mimi kunyamaza." Ndugu msomaji, ningalipendelea anitukane.

Tangu siku ile nilianza kutafuta kujua, katika vitabu na katika maneno ya wazee, ni kitu gani hasa kilichotokea nyuma ya nyumba yangu. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba aliyeuangusha ukuta siye udongo, ni maji. Udongo mkavu ulioshindiliwa vizuri hujishikilia wenyewe kwa sehemu kubwa, na mzigo unaouegemezea ukuta ni wa kadiri. Maji hayajishikilii hata kidogo. Na kanuni yake ni ya ajabu, maana maji husukuma kwa kadiri ya kina chake, wala si kwa wingi wake. Ufa wa upana wa kidole nyuma ya ukuta ukijaa maji hadi juu, husukuma sawa na ziwa zima lenye kina hicho hicho. Kwa ukuta wa meta mbili, kila meta moja ya urefu hubeba msukumo wa tani mbili, mbali na ule wa udongo wenyewe. Ukuta wangu wa meta kumi na tano ulisukumwa kwa tani thelathini, yaani uzito wa zaidi ya malori manne ya tani saba. Tena ukiongeza kimo mara mbili, msukumo hauongezeki mara mbili bali mara nne.

Maji hayo yalitoka wapi? Niliyaleta mimi. Milimeta moja ya mvua katika meta moja ya mraba ni lita moja. Paa langu na ua wangu pamoja vilikuwa kama meta 200 za mraba. Ikinyesha mvua ya milimeta 50, ambayo kwetu Morogoro si ajabu, ni lita 10,000, au mapipa hamsini ya lita mia mbili. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ingalinyweka ardhini taratibu pale pale iliponyesha, katika majani na mizizi. Mimi niliyakusanya yote juu ya zege, nikayaelekeza ukutani, na pale ambapo udongo wa kujaza ulikuwa umekaa na kuacha nafasi kati ya sakafu na ukuta, yakaingia. Nilikuwa nimeyafungulia mlango wa kuingia na kuyafungia wa kutokea.

Kosa hili halikuanza nami. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi aliyeandika katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliwaonya wenzake kwamba udongo uliojazwa nyuma ya ukuta huwa hatari zaidi majira ya mvua, kwa sababu hunywa maji, ukawa mzito, ukavimba na kuusukuma ukuta nje. Akashauri ukuta uwekewe upande wa ndani miimo ya kuusaidia, mfano wa meno ya msumeno. Karne kumi na nane baadaye Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb, ambaye wanafunzi wetu humjua kwa habari za umeme, alikuwa mhandisi wa jeshi, naye alikaa miaka kadhaa katika kisiwa cha Martinique akisimamia ujenzi wa ngome. Uzoefu wa kazi ile ulizaa andiko alilolisoma mbele ya wanazuoni wa Paris mwaka 1773, ambalo hadi leo ndilo msingi wa hesabu za kuta za kuzuia udongo.

Hata hivyo hakuna haja ya kwenda Roma wala Paris. Chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kati ya Ziwa Manyara na Ziwa Natron, yapo magofu ya Engaruka. Watu waliishi na kulima pale toka yapata karne ya 15 hadi ya 18. Mashamba yao yaliyozungushiwa mawe na kupitishiwa mifereji yameenea katika hekta zipatazo 2,000. Juu ya mashamba, kwenye mteremko wa mawe, kulikuwa na vijiji saba, na kila nyumba ilikaa juu ya uwanda mdogo uliochongwa katika mlima na kushikiliwa kwa ukuta wa mawe upande wa chini. Nilipoisoma habari hiyo nilihisi kana kwamba ninasoma habari ya kiwanja changu, isipokuwa kwamba kuta zao nyingi bado zimesimama.

Kwa nini zimesimama? Hazina saruji. Mawe yamepangwa makavu, jiwe juu ya jiwe, na kati ya jiwe na jiwe maji hupita yatakavyo. Ukuta wa namna hiyo hauwezi kushikwa na maji kwa sababu haujaribu kuyashika. Tena wachimbuzi wa mambo ya kale wamegundua kwamba sehemu ya mashamba ya Engaruka haikulimwa katika udongo uliokuwapo, bali katika udongo uliotengenezwa. Wakulima walijenga vikuta vya mawe, wakaelekeza humo maji yenye tope, tope likatua, maji yakaenda zake. Mwaka hata mwaka shamba likapanda kimo. Kile ambacho sisi tunakiita mmomonyoko na kukilaani, wao walikifanya mtumishi.

Wamatengo wa Mbinga wana hekima yao nyingine. Karne ya 19 Wangoni walipowasakama walijikusanya milimani, wakalazimika kupata chakula katika miteremko ambayo mgeni hawezi hata kusimama wima. Wakabuni ngoro. Hulaza majani yaliyofyekwa katika mistari inayokatana kama vyumba vya bao, wakayafunika kwa udongo wanaouchimba katikati, hata shamba zima likawa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua ikinyesha kila shimo hupokea fungu lake. Maji hayapati nafasi ya kukusanyika na kuwa jeshi.

Sasa nirudi kwa mzee wangu. Nilipomweleza haya alitabasamu, akasema, "Sisi nasi tulikuwa na ngazi zetu." Wake kwa waume wa Uluguru walipolima walivuta magugu na mabua wakayapanga mistari kuukatiza mteremko, wakayafukia, na kwa miaka mingi mistari ile ikawa vidaraja. Kisha akanisimulia habari za matuta ya serikali, ambayo katika vitabu vya shule nilikuwa nimeyapitia kwa sentensi mbili.

Katika miaka ya 1930 upepo na ukame vilipeperusha udongo wa nchi tambarare za Marekani, na hofu ile ikaenea katika makoloni ya Waingereza. Mwaka 1939 kilichapishwa London kitabu cha Jacks na Whyte kiitwacho The Rape of the Earth, na jina lake lenyewe linaonyesha hali ya mawazo ya wakati ule. Baada ya vita kuu ya pili maofisa walikuja na mipango. Katika Murang'a, Kenya, wanawake walikusanywa kuchimba matuta mpaka mwaka 1947 walipokataa. Katika bonde la Mlalo, Usambara, mpango ulianza mwaka 1946. Uluguru zamu yao ilifika mwaka 1950, na amri ilikuwa kuchonga milima iwe ngazi bapa. Asiyechimba alitozwa faini.

"Siyo kwamba hatukuupenda udongo wetu," aliniambia mzee. "Nani asiyeupenda? Lakini walitufukia chakula." Nilichokisoma baadaye kinamuunga mkono. Katika milima ile udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu la juu. Ukikata ngazi bapa katika mteremko mkali kwa msimu mmoja, tabaka hilo unalifukia na kuuleta juu udongo mfu. Mwenye shamba huchimba kwa jasho, kisha huvuna kidogo kuliko jirani yake aliyekaidi. Tena lilikuwapo swali la nani mwenye ardhi. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa upande wa mama, na serikali iliyoshika jembe ndani ya shamba lako ilitia shaka. Habari za Wameru walioondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki mwaka 1951, hata mwakilishi wao Kirilo Japhet akaenda mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952, hazikuwa siri. Watu wakajiuliza, je, wakishaitengeneza milima wataturudishia?

Julai 1955 watu walikusanyika Matombo. Palitokea ghasia, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Mzee alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, naye alikuwapo. Hakunieleza mengi ya siku ile. Alisema tu kwamba waliporudi mashambani hakuna aliyeamrisha tena. Mpango ukafa, na TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja, ikapata wanachama wengi katika milima ile.

Ningependa kuishia hapo, kwa ushindi wa wenye haki. Lakini historia haina tabia ya kutupendeza. Mlima haukujua kwamba ukoloni umeondoka. Februari 1970, miaka minane baada ya uhuru, mvua ya kama milimeta mia moja ilinyesha Mgeta kwa muda wa saa zisizozidi tatu, na miteremko ikaporomoka katika sehemu zaidi ya elfu moja. Watafiti waliokwenda kuhesabu waliona kwamba karibu maporomoko yote yalitokea katika mashamba na majani, na machache mno msituni, kule ambako mizizi ya miti ilikuwa imeishika ardhi. Wakoloni walikosea dawa, lakini ugonjwa ulikuwapo. Na sisi tulioikataa dawa yao, mara nyingi tulisahau kutafuta ya kwetu.

Hatukusahau wote, hata hivyo. Machakos, ambako katika miaka ya 1930 wataalamu walisema nchi imekwisha kufa, wakulima waliachana na matuta ya kuamriwa wakachagua fanya juu. Unachimba mfereji kuukatiza mteremko, udongo unaurusha upande wa juu, unapanda majani juu ya tuta. Mvua zenyewe humaliza kazi, maana kila mwaka huleta udongo kidogo nyuma ya tuta mpaka ngazi ikajijenga polepole, na tabaka la rutuba likiwa juu. Kitabu cha Tiffen, Mortimore na Gichuki cha mwaka 1994 kilionyesha kwamba toka miaka ya 1930 hadi 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ukapungua. Fanya juu leo ni neno la kitaalamu linaloandikwa kwa Kiswahili katika vitabu vya mataifa. Ni ngazi ile ile, mlima ule ule. Tofauti ni kwamba huku mkulima alishauriana na mvua, kule mvua na mkulima wote wawili waliamrishwa.

Nilipofika hapa katika kusoma kwangu nilikiweka kitabu chini. Maana nilijiona. Mimi pia nilikata mlima kwa msimu mmoja. Mimi pia nilimwambia fundi, aliyejua kuliko mimi, kwamba mwenye amri ni mimi. Tulizoea kumcheka bwana shamba wa Kizungu na kaptura yake, kumbe kofia yake nimeivaa bila kujua. Naye aliyekaa chini ya mpango wangu, akauona ubaya wake na asiulizwe, alikuwa ni yule yule mzee wa Matombo. Katika maisha yake ameangukiwa na ngazi za wakubwa mara mbili.

Tulijenga upya mwaka ule ule baada ya masika. Safari hii nilimwomba mzee awepo tangu kupima. Badala ya ukuta mmoja wa meta mbili tulijenga viwili vya meta moja, kimoja nyuma ya kingine, katikati tukaacha kidaraja cha meta mbili unusu. Tuliyapanga mawe ya mlima makavu, yakiegemea kidogo upande wa udongo, na nyuma yake tukajaza kokoto badala ya udongo mtupu, ili maji yashuke moja kwa moja hadi chini na kutoka. Juu kabisa tulichimba mtaro wa kukinga maji yatokayo mlimani, tukautandika mawe na kuupeleka pembeni hadi kwenye korongo, wala si kwa jirani. Zege la uani tulilivunja. Mahali pa kupita tulipanga mawe bapa juu ya mchanga, tukiacha nafasi za majani kuota katikati. Kwenye kidaraja mzee alipanda majani ya Guatemala na migomba.

Siku hizi naona ua nyingi za mijini zimetandikwa vile vitofali vya saruji ambavyo mafundi huviita pevingi. Ni vizuri machoni, na vikilazwa juu ya mchanga na kokoto huweza kunyonya maji kiasi. Lakini wengi huvilaza juu ya zege na kuziba kila nafasi, kisha hutoboa ukuta wa uzio na kuyatoa maji barabarani. Ua mmoja si kitu. Ua elfu kumi ni mto. Mto huo huteremka mpaka kwa mtu aliyejenga bondeni kwa sababu hakuwa na uwezo wa kujenga mlimani, na mafuriko yakimfika magazeti humlaumu yeye kwa kukaa bondeni. Hakuna anayehesabu mapipa yaliyotoka kwetu wa juu.

Yule mtoto mkono wake uliunga, ingawa haunyooki sawasawa. Gharama za jiko na za hospitali nililipa. Mbuzi mzee alikataa kulipwa, akasema mbuzi walikufa kwa mvua. Alifariki miaka kadhaa baadaye, nami nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Ukuta bado umesimama. Masika yakifika hutoa maji kila upande, na chokaa nyeupe sijapaka tena. Usiku mvua ikizidi huamka, nikachukua taa, nikaenda kusikiliza. Nikisikia maji yakichuruzika kati ya mawe hurudi kulala.